Mama chini ya mtende

Nani kati yetu anayekawia kuitazama feza? Twaihesabu, twaitia mfukoni, basi. Lakini kwa Waroma wa kale feza ilikuwa kama barua ya Kaisari kwa watu wake. Napenda kuwaeleza habari za barua mbili za namna hiyo.

Feza hiyo iliitwa sestersi. Ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na zinki, kubwa, yenye uzito wa karibu gramu 25. Sestersi 4 zilitimiza denari 1. Fundi aliweka kipande cha shaba katikati ya mihuri miwili iliyochongwa, akakipiga kwa nyundo: upande mmoja ukatoka uso wa Kaisari, upande wa pili sanamu ya jambo alilotaka watu walijue. Wakati ule hapakuwa na gazeti wala redio. Lakini feza iliingia hata katika nyumba ya mtu asiyejua kusoma, naye akaielewa sanamu yake.

Mwaka 70 Titus, mwana wa Kaisari Vespasianus, aliteka Yeruzalemu, na hekalu likateketea kwa moto. Mwaka 71 ikatoka sestersi yenye maneno ya Kilatini, maana yake: «Yudea imetekwa». Katikati umesimama mti, si mchikichi kama wetu, bali mtende. Chini yake ameketi mwanamke, ameinamisha kichwa, analia.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya feza hiyo. Msichana mmoja hakuuliza mshindi ni nani. Aliuliza: «Mwalimu, mama huyu analilia nani?» Darasa zima likanyamaza. Nikamjibu: «Analilia watoto wake na mji wake.» Vespasianus alitaka tumsifu yeye, mtoto alimhurumia mama.

Na machozi hayakuishia pale. Vespasianus aliamuru kwamba kila Muyuda, popote alipokaa, alipe denari 2 kila mwaka kwa hekalu la Jupiter kule Roma, badala ya zile alizotolea zamani hekalu la Yeruzalemu. Domitianus, mwanawe mwingine, aliyetawala toka mwaka 81 hata 96, aliitoza kodi hiyo kwa ukali. Suetonius ameandika kwamba katika ujana wake aliona mzee wa miaka 90 akichunguzwa mwili mbele ya baraza lililojaa watu, ijulikane kama ametahiriwa. Mzee mzima, tena mbele ya watu wote!

Kisha akaja Kaisari Nerva. Kodi yenyewe hakuifuta, lakini alikomesha masingizio na aibu ile. Naye akatoa sestersi, mwaka 96 na 97, yenye maneno ya kutangaza kwamba masingizio ya kodi ya Wayuda yameondolewa. Katikati umesimama mtende, kama zamani. Lakini mwanamke hayuko tena.

Ndugu zangu, mwenye nguvu huagiza sanamu ichongwe namna apendavyo, na fundi hutii. Lakini jicho la anayeitazama halipokei amri. Basi mkiona sanamu ya ushindi, katika feza, katika kitabu au katikati ya mji, msimtazame yule aliyesimama peke yake. Tazameni pia nani ameketi chini, mkaulize kama alivyouliza msichana yule.