Damu ya Tumboni

Mwanza, 17 Novemba 2023

Jana Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani ya kuhariri jeni, kwa wagonjwa wa selimundu na thalasemia. Nimeisoma habari hii usiku na usingizi umekatika.

Utaratibu wenyewe unanivutia. Mtoto akiwa tumboni ana himoglobini yake ya pekee, isiyopinda kuwa mundu. Ndiyo maana watoto wetu wenye selimundu huzaliwa wakiwa na afya njema, halafu kuelekea mwezi wa sita mikono na miguu inaanza kuvimba: himoglobini ya tumboni imezimwa, ya ukubwani imeshika zamu. Wataalamu wanatoa seli zinazozalisha damu za mgonjwa, wanakata sehemu ndogo ya jeni BCL11A, ile inayoizima himoglobini ya tumboni, kisha wanazirudisha seli hizo mwilini baada ya kuufuta uboho wa zamani kwa dawa kali.

9 Desemba

Marekani nao jana waliidhinisha. Kuanzia miaka 12. Bei ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Lakini wanaoninyima raha mimi ni watoto wa huku kwetu wasioufikia hata mwaka wa tano.

11 Desemba

Kliniki ilijaa. Bibi mmoja kutoka visiwani alinishika mkono: "Nesi, mwanangu, tangu aanze hivi vidonge huyu hajaongezewa damu tena." Mjukuu alikuwa anakimbizana na wenzake kwenye korido, nami sikuwa na moyo wa kumkemea.

Vidonge hivyo ni haidroksiyurea, dawa ya zamani ya saratani za damu. Nayo huiamsha himoglobini ileile ya tumboni, bila kugusa jeni. Kwa muda mrefu iliogopwa huku kwetu: je, haitawaangusha watoto kwa malaria? Utafiti wa REACH, uliotoka 2019, uliwafuatilia watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu, kuongezewa damu kukashuka hadi theluthi, vifo vikapungua, na malaria yenyewe ikashuka kwa nusu. Watoto wa Kiafrika, katika hospitali za Kiafrika. Kwangu hii ni habari kubwa kuliko ya London, na hakuna redio niliyoisikia ikiitangaza.

15 Januari 2024

Mama kaja na mtoto wa miezi tisa, vidole vimejaa kama ndizi mbivu. Kipimo kimethibitisha selimundu. Akaniambia taratibu kwamba kabla ya huyu alikuwa na mwingine, akafa kwa homa ya siku moja. Hakuwahi kupimwa.

Bandama ya watoto hawa huharibika mapema, na bakteria wa nimonia wakiingia damuni, saa chache zinatosha. Penisilini ya kumeza, asubuhi na jioni, inazuia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1986 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti kati ya waliopewa na wasiopewa ilikuwa wazi mno. Dawa rahisi hivyo! Lakini utampa nani, kama hujui nani anaumwa?

16 Januari

Nimeandika ombi kwa mganga mfawidhi: vipimo vya haraka wodi ya wazazi, tone la kisigino kabla mama hajaruhusiwa. Kama havitoshi, tuanze na wenye mgonjwa tayari nyumbani. Nimeomba pia mtu mmoja wa kushika daftari la namba za simu na kuwapigia, maana mtoto akipimwa halafu akapotea, tutakuwa hatujafanya kitu.