Tiki Zilizokunywa Petroli

Mwaka 2009 nilikuwa mhudumu wa steshenari mjini Biharamulo, si mbali na Boma la Mjerumani. Umeme ukikatika tuliwasha jenereta ndogo ya petroli, na hapo ndipo nilipojua kwamba kusubiri kompyuta iwake kuna bei. Ilikuwa Windows XP, RAM megabaiti 256. Ukibonyeza kitufe unakwenda kununua maandazi, unarudi, saa ya mchanga bado ipo kwenye skrini.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyeleta barua ichapwe alichoka. “Kijana, hii mashine yako inapika makande?” Nilicheka. Bosi hakucheka, petroli alinunua yeye.

Aliyenifumbua macho ni fundi aliyekuwa njiani kwenda Ngara. Alibofya Start, kisha Run, akaandika msconfig, akafungua sehemu ya Startup. Orodha ikatokea, kila jina na kisanduku chenye tiki: qttask, jusched, reader_sl. “Hawa wote wanaamka pamoja na mashine,” alisema. “Nani kawaita?” Hakuna. Walijiingiza wenyewe siku tulipoweka QuickTime, Java na kisomeo cha PDF. Akaziondoa tiki zao, akazima na kuwasha. Safari hii sikuwahi hata kufika kwa muuza maandazi.

Nami, kwa ujuzi wa siku moja, kesho yake niliondoa tiki zote, hata ya kinga ya virusi. Wiki haikuisha, flashi ya mteja ikatuachia kirusi kilichoficha mafaili yote. Barua ya mwalimu ilikuwamo. Niliichapa upya bure.

Nilipohamia Ngara, elimu ile ilikuwa inachakaa. Windows 8 ya mwaka 2012 ilihamishia orodha kwenye Task Manager na kuonyesha kila programu inavyochelewesha uwashaji. Aprili 8, 2014, Microsoft ikaacha kuihudumia XP. Umeme nao umebadilika: leo, kwenye maporomoko ya Rusumo huko Ngara, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana.

Jenereta yetu iliuzwa zamani. Lakini simu yangu nayo ina programu zinazojiamsha usiku na kula bando. Nawe fungua mipangilio ya simu yako, uipitie orodha. Usiyemjua, uliza kwanza kazi yake ndipo umzime.