Rubani wa Chumbani

Mikono ya mwanadamu hujifunza elimu za namna mbili. Moja hutafutwa kwa ajili ya chakula, na ya pili hutafutwa kwa ajili ya roho. Ya kwanza ina cheti na mshahara. Ya pili haina malipo ila furaha ya kuliweza jambo lililokuwa haliwezekani. Kujifunza kurusha helikopta mbele ya kompyuta nyumbani ni elimu ya namna ya pili. Nimeshughulika nayo kwa miaka minne, usiku baada ya kazi, na mara nyingi nimeulizwa inanifaa nini. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lisilo ubishi wala majivuno.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba simuleta ilizaliwa baina ya kazi na mchezo. Mwaka 1929 Edwin Link, mwana wa mwenye kiwanda cha vinanda katika mji wa Binghamton huko Marekani, aliunda ndege isiyoruka. Mivukuto ya vinanda ndiyo iliyoiinamisha na kuigeuza. Wakuu wa urubani hawakuijali, akaiuza katika viwanja vya starehe. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika hewa mbaya, maana hawakuzoea kuongoza kwa kutazama vipimo peke yake. Hapo ndipo jeshi liliponunua vyombo vya Link. Kilichochekwa jana kikawa mwalimu. Tangu mwaka 1982 programu ya Microsoft Flight Simulator imeingia majumbani, na mwaka 1997 ikatiwa helikopta aina ya Bell 206. Mimi hutumia programu ya DCS World, na helikopta niliyoichagua ni Huey, ambayo ilitolewa humo mwaka 2013.

Rubani wa helikopta hugawa mwili wake katika kazi tatu. Mkono wa kushoto hushika wenzo ambao ukiinuliwa huongeza mwinamo wa mapanga yote pamoja, na chombo kikapaa. Mkono wa kulia hushika usukani ulio baina ya magoti, nao hulaza duara la mapanga upande atakao. Miguu hukanyaga pedali za pangaboi la mkiani. Maelezo haya mtoto aweza kuyahifadhi kwa dakika moja; kuyatenda ni shani nyingine.

Katika Huey mapanga huzunguka kinyume cha mwendo wa saa yakitazamwa kutoka juu. Kwa hiyo nikiinua wenzo, pua hutaka kwenda kulia, nami sina budi kukanyaga pedali ya kushoto. Pangaboi la mkiani likiongezwa nguvu huisukuma helikopta nzima kulia, nami nausogeza usukani kushoto. Usukani ukiegemea, sehemu ya nguvu iliyokuwa ikibeba uzito huenda ubavuni. Helikopta hushuka kidogo, nami nainua wenzo tena. Duara limeanza upya. Kereng'ende huelea juu ya dimbwi pasipo kufikiri. Mwanadamu huelea kwa kufanya masahihisho mia madogo, kila moja likizaa jingine. Siri ni kusahihisha kabla kosa halijaonekana, na kwa shinikizo la vidole badala ya nguvu za mkono. Ilinichukua wiki sita kukaa hewani juu ya alama moja kwa muda wa dakika moja. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Mtu atakaye ukweli katika jambo hili hukuta vizuizi ambavyo havimo angani. Usukani wa kompyuta unaouzwa madukani una springi inayourudisha katikati kila uachwapo, ilhali usukani wa helikopta hutakiwa kukaa pale ulipowekwa. Niliitoa springi ile, nikaurefusha usukani kwa kipande cha bomba, nikausimamisha sakafuni baina ya magoti yangu. Wenzo wa kushoto niliuunda kwa bomba la pili na bawaba ya mlango, maana kidude cha kusukuma mbele kama cha ndege ya mabawa huufundisha mkono uongo. Programu hutoa pia misaada ya kukanyaga pedali kwa niaba ya mwanafunzi. Niliizima yote. Msaada unaotenda badala ya mtu humnyima kile alichokuja kutafuta.

Malipo ya ukali huo ni kwamba sheria za hewa husomeka kwa mikono. Helikopta ikishuka wima kwa haraka, ikiwa na nguvu nyingi na mwendo mdogo wa mbele, huingia katika upepo ilioutupa yenyewe. Hewa iliyosukumwa chini hupinda na kurudi juu kuzunguka ncha za mapanga, na mapanga hukosa mahali pa kushika. Moyo husema: inua wenzo. Ukiinua, wazama zaidi. Dawa ni kushusha wenzo na kusukuma usukani mbele, ili chombo kitoke katika hewa iliyovurugika na kuingia katika hewa safi. Kadhalika injini ikizimika, rubani hushusha wenzo mara moja, na hewa inayopita kutoka chini huendelea kuyazungusha mapanga. Karibu na ardhi huinua pua kupunguza mwendo, kisha huinua wenzo na kutumia nguvu iliyobaki katika mapanga ili atue polepole. Ni akiba ya kutolewa mara moja tu. Atakayeitoa angali juu hataikuta chini.

Je, mwenye kuyaweza haya chumbani ni rubani? Hapa ndipo nafsi yangu iliponitaka sana nijidanganye. Tamaa yangu ya kuruka ni ya kweli na mfuko wangu ni mfupi. Saa moja ya mafunzo katika helikopta halisi hugharimu mamia ya dola, na Marekani hudai saa 40 kwa uchache kabla ya kutoa leseni ya rubani binafsi. Saa zangu za chumbani, hata zingefika elfu, hazihesabiwi katika daftari hilo, nami naona sheria hiyo ni ya haki. Kiti changu hakiyumbi. Sikio langu la ndani halipati habari ya mwendo, wala mgongo wangu hausikii chombo kinapoanza kuteleza. Macho peke yake hufanya kazi ya mwili mzima. Zaidi ya hayo, mbele yangu kuna kitufe cha kuanza upya. Mtu asiyeweza kufa katika kosa lake hajaonja nusu ya somo. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Rafiki mmoja aliniuliza: kama ungepewa helikopta leo, ungeirusha? Nilijibu la, na jibu hilo lilinigharimu zaidi ya mabomba na bawaba. Walakini nadhani ndilo tunda bora la miaka minne. Asiyejua kitu hudhani chaweza kutendwa na yeyote. Ajuaye nusu hudhani chaweza kutendwa na yeye. Aliyejifunza kwa kweli huiona mipaka ya ujuzi wake kama mwashi aonavyo ukingo wa ukuta, akafanya kazi ndani yake bila aibu. Nikiiona helikopta ya waokoaji imetulia juu ya mafuriko huku mtu akivutwa kwa kamba, natambua vidole vya rubani vinatenda nini, na heshima yangu kwake ni ya mtu anayefahamu bei ya utulivu ule.

Basi elimu hii yanifaa hivyo. Imenipa mikono yenye subira na jicho linalotazama mbali, maana anayetazama karibu na pua ya helikopta huyumba, na anayetazama upeo hutulia. Haikunipa mabawa, wala haikuniahidi. Mali niliyoipata ni ndogo, lakini hakuna sehemu yake niliyoipata kwa uongo.