Mafuta Yanayotoa Gesi Bila Moto

Wanafunzi wangu wa kemia huniuliza swali hili karibu kila mwaka: pipa la mafuta lililofungwa barabara, lililo mbali na moto, lina hatari gani likiwekwa penye mionzi? Swali hilo si la darasani peke yake. Linamhusu pia mtumishi wa umma atiaye saini kibali cha kuhifadhi taka.

Mafuta ni minyororo ya kaboni iliyovikwa haidrojeni. Mwali wa gama upitapo humo hung'oa elektroni. Elektroni ikirejea, molekuli hubaki na nishati isiyoweza kuihimili, na kifungo cha kaboni na haidrojeni hukatika. Atomu ya haidrojeni iliyoachwa huru humpokonya jirani atomu nyingine, zikawa gesi. Mabaki ya kaboni nayo huungana, na mafuta huwa mazito. Hakuna moshi wala harufu ya kumwonya mlinzi.

Si mafuta yote yaliyo sawa. Kwa kila elektronivolti 100 za nishati, saikloheksani hutoa molekuli kama 5.6 za haidrojeni, ilhali benzini hutoa takriban 0.04 tu. Zote mbili zina kaboni sita. Tofauti ni kwamba pete ya benzini huisambaza nishati katika mwili wake wote, asielemewe mmoja. Ndiyo sababu wahandisi wa Piqua, Ohio, walichagua terfenili, yenye pete tatu za namna hiyo, kupoza kinu chao cha nyuklia kilichoanza kazi mwaka 1963. Hata hivyo mafuta yalichakaa, masizi ya kaboni yakaganda ndani ya kinu, na mwaka 1966 kikafungwa. Ustahimilivu una kikomo.

Haidrojeni ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuiwasha. Kwa hiyo kifuniko kisicho na tundu la kupumulia, ambacho macho hukiona kuwa ndicho usalama, ndicho kinacholimbikiza hatari.

Ndugu msomaji, siku jalada la namna hii litakapofika mezani pako, usiridhike na neno "limefungwa". Uliza: ni mafuta gani, yamepata mionzi kiasi gani, gesi inatokea wapi, na nani anaipima? Anayeishi jirani na ghala hilo hana nafasi ya kuuliza; wewe unayo.