Kipima pH na kibubu chetu

Ukiishi Tukuyu na mwenzi anayependa samaki, jiandae: mapenzi yatapimwa kwa namba. Mume wangu anafuga mbuna wa Ziwa Nyasa kwenye tangi la kioo sebuleni. Kwao ziwani pH ya maji ni kama 8. Sisi tunakinga ya mvua, ambayo kwa kawaida huwa karibu 5.6, kwa hiyo tunaweka mawe ya chokaa tangini na kuomba Mungu. Pia pH ikishuka toka 8 hadi 7, asidi imeongezeka mara 10. Si mchezo!

Yeye alitaka mashine ya kufunga tangini, inayosoma usiku na mchana na kupiga kengele. "Mke wangu, samaki hawasubiri asubuhi," alisema. Mimi nikataka kile kidogo cha betri, mfano wa kalamu. Fedha zilikuwa za kiwanja, na kibubu chetu hakifunguliwi na mmoja.

Basi tukaacha kubishana bei, tukajiuliza maswali matatu. Ncha ya kupimia inabadilishika? Maana huchakaa baada ya mwaka mmoja, miwili hivi. Maji maalumu ya pH 7 na 10 ya kukisahihishia tutayapata? Bila hayo kitakudanganya huku kinajiamini. Na umeme ukikatika je?

Kalamu ikashinda, ila yenye ncha ya kubadilisha. Kila jioni yeye anapima, mimi naandika daftarini.

Mwenzio akitaka kifaa, usianze na bei. Anza na nani atakitunza.