Msuli wa Mshipi

Baba yangu ni mvuvi wa Ziwa Victoria, upande wa Jinja. Mimi ninasomea ualimu wa fizikia na Kiswahili. Nikimwambia kwamba mshipi wake wa nailoni unaweza kuwa msuli wa roboti, hucheka. Lakini ni kweli. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas cha Dallas, Marekani, walieleza jinsi ya kuusokota mshipi, huku umening'inizwa uzito, mpaka ujikunje kama springi. Ukipashwa joto, nailoni hunenepa na kufupika, springi ikajivuta na kuinua mzigo. Ukipoa, hulegea tena. Msuli huo huinua mzigo mara 100 zaidi ya msuli wa binadamu wenye urefu na uzito uleule.

Kasoro yake ni kwamba hula joto jingi na kupoa polepole. Hata hivyo, nitaufundisha katika mazoezi yangu ya ualimu. Shule niliyopangiwa haina hata mota moja ya majaribio, ila mishipi inauzwa jirani. Sitaki mwanafunzi wangu asubiri maabara ijengwe ndipo aanze kubuni.