Deni la Wamara

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitueleza habari za baleti, yaani ngoma ya jukwaani ambayo wachezaji wake husimulia kisa kwa miguu na mikono bila kusema neno. Mwaka 1948, mjini New York, George Balanchine aliwachezeshea watu wa siku zake kisa cha kale cha Wayunani, cha Orpheus aliyeshuka kuzimu kumtafuta mkewe. Muziki ulitungwa na Igor Stravinsky. Kisha mwalimu akatuuliza, "Je, kwetu huku hakuna aliyeshuka kuzimu?"

Tulijibu kwa sauti moja: Wamara!

Wazee husimulia kwamba Mfalme Wamara alishuka kwa Kintu, bwana wa kuzimu, akapewa ng'ombe na mbegu. Kintu alimwagiza jambo moja tu, asisahau kurudisha shukrani. Wamara alirudi kwake, akashiba, akasahau. Ndipo Kintu akamtuma Rufu, yaani Mauti, aje kudai. Na tangu siku ile Rufu hajaondoka duniani.

Basi tuliazimia kukicheza kisa hicho siku ya kufunga shule, lakini kwa namna ya siku hizi. Kintu tulimfanya mwenye duka, mwenye miwani na daftari la madeni. Ng'ombe tuliwasuka kwa nyaya, tukiwakumbuka ng'ombe wa chuma wa wafalme wa Karagwe kule Bweranyange. Ngoma na nanga hatukuzigusa. Mimi nilichaguliwa kuwa Wamara kwa ajili ya urefu wangu.

Ubishi ulizuka juu ya mwisho. Wengi walisema watazamaji wa leo hawapendi huzuni. Yafaa Wamara amshinde Rufu, mambo yaishe kwa vigelegele. Nami niliwaunga mkono, maana nani apendaye kufa mbele ya shule nzima?

Jioni moja tulikuwa katika mazoezi. Aliyecheza Rufu hakuwa na kinyago wala upanga. Alivaa sare kama sisi, akaja polepole, akaninyooshea kiganja kitupu kama mtu anayedai chake. Miguu yangu ikasahau ngoma. Nilimkumbuka mjomba wangu. Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza aliuza ng'ombe wake wa maziwa, nikapata sanduku, godoro na sare. Aliniambia, "Ukifunga shule, upite unieleze ulichojifunza." Nilikuwa nimefunga shule mara sita bila kupita.

Kesho yake niliwaambia wenzangu kwamba Rufu abaki. Mavazi na duka vyaweza kubadilika, lakini tukilifuta deni hatuna tena kisa. Walinibishia sana, tukapiga kura, nasi tukashinda kwa kura mbili.

Basi nilikufa jukwaani, na kwa kitambo hakuna aliyepiga makofi. Asubuhi yake nilishuka njiani kwa mjomba, nikamkuta akipalilia migomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, umejifunza nini?"

Hakumtaja ng'ombe. Nilishika jembe, nikamsimulia yote, hata habari za Orpheus, mpaka jua likazama. Deni sikulimaliza, ila nimeanza kulilipa.

Ndugu msomaji, bila shaka nawe unaye Kintu wako. Likizo hii mpitie.